Lijamu Mbili Kinywani mwa Farasi

Wasomaji wetu wengi hawajapata kumpanda farasi, maana katika sehemu nyingi za bara letu ndorobo alimzuia mnyama huyu asikae. Lakini maneno yake tunayo. Twasema kwamba fulani ameshika hatamu za serikali, na neno hilo, pamoja na neno lijamu, tulilipokea kwa Waarabu. Basi tumeona vema kueleza habari za hatamu ile yenye lijamu mbili na vigwe vinne, kwa kuwa ndani yake mna hoja ya zamani sana: mnyama atupitaye nguvu aongozwe kwa maumivu, au kwa ufundi wa mkono?

Katika taya la farasi, baina ya meno ya mbele na magego, pana nafasi wazi yenye ufizi mwembamba juu ya mfupa. Hapo ndipo lijamu ikaapo. Huko Luristani, katika nchi ya Uajemi, zimeonekana makaburini lijamu za shaba nyeusi zilizosubiwa kabla ya mwaka 600 K.K., nazo zimepambwa kwa sanamu za wanyama wenye mabawa. Xenophon, askari Myunani aliyeandika kitabu juu ya upandaji katika karne ya 4 K.K., alitaka mtu awe na lijamu mbili, moja laini na moja yenye miiba, lakini azitumie kwa zamu, siyo pamoja. Hata hivyo, yeye mwenyewe alifundisha kwamba alifanyalo farasi kwa kushurutishwa haliwezi kuwa zuri, kama vile mcheza ngoma apigwaye mijeledi hachezi vizuri.

Baadaye Waselti na Warumi walijua lijamu ya namna nyingine, iliyo na mikono miwili ya chuma na mkufu upitao chini ya kidevu. Nguvu yake ni ile ile ya mtaimbo uinuao gogo. Mkono wa chini ukiwa mrefu mara 3 kuliko wa juu, basi mvuto wa ratli 1 katika kigwe huukaza mkufu kwa ratli 3, na ufizi hubeba ratli 4. Na tufikiri jinsi ilivyokuwa hapo mpandaji alipovuta kwa hasira! Federico Grisone wa Napoli, aliyepiga chapa kitabu chake mwaka 1550, alisifiwa Ulaya nzima, lakini mafundisho yake mengi yalikuwa makali mno. Antoine de Pluvinel, mwalimu wa Mfalme Louis wa 13 wa Ufaransa, alishika njia ya upole. Kitabu chake kilitolewa mwaka 1623, naye alikuwa amekwisha kufa. Kisha akaja La Guérinière, ambaye kitabu chake cha mwaka 1733 kimesomwa na waalimu wa farasi hata leo.

Katika nyakati hizo desturi ya kutia lijamu mbili pamoja ilienea, hata askari wapanda farasi wakaifuata. Ile laini huinua kichwa na kugeuza. Ile ya mkufu huinamisha shingo na kusimamisha. Hivyo mwenye mkono mzuri hutumia laini karibu wakati wote, na ile kali huigusa kwa vidole tu.

Lakini yote hayo huharibika hatamu ikifungwa vibaya, na hapa twaomba msomaji atusikilize kwa makini. Lijamu laini, iliyo nyembamba, hukaa juu, ikigusa pembe za midomo na kuzikunja kidogo tu. Ya mkufu hukaa chini yake, juu ya ulimi na ufizi, isigonge chonge. Mkufu huzungushwa kuumeni hata pete zake zote zilale bapa, maana pete moja iliyosimama yatosha kuchubua ngozi. Kisha huangikwa kwa kadiri ambayo, kigwe kikivutwa, mkono wa chuma urudi nyuma nusu ya pembe mraba, ndipo mkufu ushike. Ukikazwa kupita hapo, farasi hana raha hata vigwe vikilegea. Ukilegezwa mno, lijamu yapinduka kinywani. Farasi akianza kuachama au kutupa kichwa, mpandaji hushuka, akalegeza mkufu pete moja, akatazama tena.