Mauaji ya Siakago

Mauaji ya Siakago ni tukio la Novemba 2010 ambapo konstebo wa polisi aliwaua kwa risasi watu 10, wakiwemo askari wenzake wawili, katika mji mdogo wa Siakago, Mbeere, Embu, nchini Kenya. Usiku wa tukio alipita baa moja hadi nyingine akifyatua risasi, kisha akajisalimisha.

Taarifa za kwanza zilisema alikuwa akimsaka mwanamke aliyekuwa na uhusiano naye. Maelezo hayo ndiyo yaliyobaki midomoni mwa watu, na mkasa ukageuka kisa cha wivu. Lakini wivu haukosekani katika mji wowote wenye baa. Bunduki ya serikali ndiyo haishikwi na kila mtu.

Nchini Marekani mjadala wa mauaji kama haya huanzia kwenye silaha za raia. Kenya raia hamiliki bunduki bila leseni chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na wenye leseni ni wachache. Kwa hiyo maswali huelekea kambini: nyumba za polisi, mshahara, uhamisho, ushauri nasaha. Jopo la Jaji Philip Ransley lilikuwa limeshaeleza hali mbaya ya makazi ya polisi mwaka 2009, kabla ya Siakago. Mamlaka ya kusimamia utendaji wa polisi, IPOA, iliundwa kwa sheria ya 2011, ingawa chimbuko lake hasa ni ghasia za uchaguzi wa 2007, si maiti za Mbeere. Desemba 2021 askari mwingine alimuua mkewe na watu kadhaa Kabete, Nairobi, kisha akajiua. Mwaka uliofuata jopo jingine la mageuzi ya polisi likaundwa, likiongozwa na David Maraga.

Kaskazini mwa Meru mambo ni kinyume. Igembe na Tigania, karibu na mpaka wa Isiolo, risasi huhusishwa na wizi wa mifugo, na wakazi hudai askari wa akiba waongezwe na wapewe silaha. Kilio cha huko ni bunduki kukosekana.

Tukirudi Embu, Agosti 2021 ndugu wawili wa Kianjokoma walikufa baada ya kukamatwa na polisi kwa kosa la kafyu. Hawakupigwa risasi, lakini safari hii hakuna aliyetafuta kisa cha mapenzi: wananchi waliingia barabarani, na maafisa 6 wa polisi wakashtakiwa kwa mauaji.