Shamba la miti la kustaafia

Shamba la miti la kustaafia ni kipande cha ardhi ya kijijini, chenye miti ya kupandwa au ya asili, ambacho mtu wa mjini hukinunua angali kazini ili apumzike humo siku za likizo na hatimaye ahamie uzeeni. Nchini Tanzania ununuzi wa namna hii umeshamiri hasa Nyanda za Juu Kusini: wilaya za Mufindi na Kilolo mkoani Iringa, na mkoa wa Njombe uliomegwa kutoka Iringa mwaka 2012. Wanunuzi ni walimu, wauguzi, maofisa, wafanyabiashara wa Dar es Salaam, Morogoro na Mbeya, na vijana wachache wanaofikiria mbali. Mtumishi wa umma anaweza kustaafu kwa hiari akifikisha miaka 55 na hulazimika kustaafu akifikisha 60, kwa hiyo anayenunua akiwa na miaka 45 ana nafasi ya kupanda miti na kuivuna walau mara moja kabla nguvu hazijamwishia.

Wengi wanaokwenda kutazama shamba huanza na miti, kwa kuwa ndiyo inayoonekana tangu barabarani. Huko ni kuanzia mwisho. Miti hupandwa, na katika udongo wa Mufindi hukua upesi. Lakini chemchemi, njia ya kupitika masika, zahanati iliyo karibu na kijiji kilichompokea mnunuzi kwa moyo mmoja ni vitu ambavyo mtu akivikosa siku ya kununua, atavikosa mpaka mwisho.

Mahali na miti yake

Sehemu kubwa ya eneo hili iko kati ya mita 1,500 na 2,000 juu ya usawa wa bahari, na safu za Makete zinapanda zaidi. Mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei. Juni hadi Agosti ni miezi ya baridi kali, na mabondeni jani huamka limeganda umande. Hali hiyo ndiyo iliyoleta miti ya mbao: paina kutoka Meksiko, milingoti kutoka Australia, na miwati, ambayo maganda yake hutumika kutengenezea ngozi na ambayo kampuni ya Njombe imeilima tangu mwaka 1949. Karibu na mji wa Mafinga kuna Sao Hill, shamba kubwa kuliko yote ya miti ya serikali nchini. Wanavijiji waliofanya vibarua humo walijifunza kuotesha miche, wakapanda ya kwao, na watu wa mjini wakafuata.

Sababu ya pili ya watu kuja huku ni kwamba ardhi ilikuwa bado inapatikana. Kilimanjaro kihamba, yaani shamba la nyumbani, ni urithi wa ukoo, na kumuuzia mgeni ni jambo zito. Lushoto, penye ubaridi na uzuri uleule, mashamba yamegawanywa kwa watoto na wajukuu hadi yamekuwa vishamba. Vijiji vya Njombe na Mufindi vilivyo mbali na barabara kuu ya Tanzania hadi Zambia vilibaki na nafasi, na kadiri mtu anavyoiacha lami ndivyo bei inavyoshuka. Nafuu hiyo hulipiwa baadaye kwa nauli na mafuta ya gari, na uzeeni kwa muda unaopotea kabla ya kumfikia daktari.

Ardhi ni ya nani

Ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake. Anachopewa mtu ni haki ya kuimiliki na kuitumia. Ardhi ya vijijini inaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 1, 2001. Chini ya sheria hiyo halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe kati ya 15 na 25, husimamia ardhi kwa niaba ya wanakijiji wote, nayo haiwezi kumgawia mtu ardhi bila ridhaa ya mkutano mkuu wa kijiji, ambao ni wakazi wote waliofikisha miaka 18. Mwanakijiji anayemuuzia mtu shamba lake naye lazima apate idhini ya halmashauri. Karatasi iliyoandikwa sebuleni kwa muuzaji, hata ikiwa na mashahidi wanne na mhuri wa balozi wa nyumba kumi, haitoshi. Asiye raia hamilikishwi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji na kwa utaratibu wake maalumu.

Hati inayotolewa ni ya hakimiliki ya kimila. Kijiji hutoa hati hiyo kikiwa kimepimwa mipaka yake na kupata cheti cha ardhi ya kijiji, na nakala hutunzwa katika masjala ya ardhi ya kijiji. Swali la kwanza kwa mtendaji wa kijiji liwe hili: je, kijiji kina cheti, masjala na mpango wa matumizi bora ya ardhi? Mpango huo huonyesha palipotengwa kwa kilimo, makazi, malisho na msitu wa hifadhi wa kijiji. Mtu akiuziwa ndani ya msitu wa hifadhi amepoteza pesa zake, kwa sababu muuzaji hakuwa na cha kuuza. Sehemu nyingine viongozi huomba asilimia 10 ya bei. Pesa yoyote inayolipwa kijijini ikatiwe risiti ya serikali, la sivyo isilipwe.

Hatua 70 kwa 70

Ekari ya kijijini hupimwa kwa miguu: hatua 70 upande mmoja, hatua 70 upande wa pili. Ekari halisi ni mita za mraba 4,047, yaani mraba wenye upande wa karibu mita 63 na nusu. Hatua ya sentimita 90 hulitoa eneo hilo karibu sawasawa. Hatua ya sentimita 75, ya mzee anayeshuka mteremko kwenye nyasi ndefu, hutoa mita za mraba 2,756 tu, na mnunuzi wa ekari 10 anakuwa amelipia zaidi ya ekari tatu zisizokuwepo. Utepe wa mita 50 au kifaa cha jipiesi humaliza jambo hilo asubuhi moja. Upimaji ufanyike mbele ya majirani wa pande zote, kila mmoja akitia saini mahali mpaka unapomgusa. Saini ya jirani ina thamani zaidi kuliko ya shahidi aliyekuja na mnunuzi kutoka mjini, kwani mgogoro ukitokea ndiye atakayeitwa mbele ya Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba, wanawake wakiwa si chini ya watatu.

Haki zilizomo ndani ya shamba

Hapa ndipo wageni wengi huumia. Shamba linaloonekana tupu linaweza kuwa na watu wengi ndani yake. Bondeni kuna vinyungu, bustani za kiangazi ambamo akina mama hulima maharage, mboga na mahindi mabichi, na huenda mlimaji si muuzaji. Kando ya kijito kuna kichaka cha mianzi: mwenyewe hukata ncha za machipukizi msimu wa mvua na kuja asubuhi na jioni kukinga ulanzi, pombe ya mianzi, na kichaka hicho hakikuwamo katika mauzo. Kuna njia ya ng'ombe kwenda majini. Kuna mahame, kwani Operesheni Vijiji ya miaka ya 1973 hadi 1976 iliwahamisha watu kutoka makazi yao ya zamani, na familia zilizoondoka zingali zinakumbuka palipokuwa na nyumba ya babu. Penye mahame mara nyingi pana makaburi. Mnunuzi muungwana huuliza habari za makaburi kabla ya bei, huyaacha na eneo la kutosha kuyazunguka, na huandika katika mkataba kwamba ukoo utapita kuyazuru.

Miti nayo inaweza kuwa na mwenyewe mwingine. Ni kawaida mtu kuuza miti iliyosimama na kubaki na ardhi, au kukodisha ardhi kwa mpandaji. Wapo walionunua shamba la paina mwezi wa pili, na mwezi wa tano wakakuta mashine ndogo za kupasulia mbao, maarufu kwa jina la dingdong, zinanguruma ndani yake, mfanyabiashara akiwa na karatasi halali ya miaka miwili nyuma. Mkataba useme wazi kama miti imo, ni ya aina gani na ina umri gani. Mke au mume wa muuzaji na watoto wake wakubwa watie saini pia.

Maji, moto na njia

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Katika shamba refu jembamba linaloshuka hadi kijitoni, kipande kikubwa cha eneo lililolipiwa hakiwezi kujengwa. Milingoti isipandwe karibu na chemchemi, maana hunywa maji mengi. Mahali hapo pafaa mivengi na miti mingine rafiki wa maji, ambayo wazee wa kijiji wanaijua kwa majina.

Paina zikipandwa kwa nafasi ya mita tatu kwa tatu, ekari moja huchukua karibu miche 450. Wakulima wadogo wengi huvuna zikiwa na miaka 8 hadi 12, wakati mashamba ya serikali husubiri miaka 18 hadi 25 na kupata mbao ngumu na pana zaidi. Mstaafu asiye na haraka ya pesa hufanya vyema kusubiri. Adui mkubwa ni moto kichaa wa Agosti hadi Novemba, unaotokana na moto wa kuandalia shamba, wa kurina asali au wa kipisi cha sigara. Njia za kuzuia moto husafishwa kila mwaka kabla ya kiangazi kukolea, na anayeishi Dar es Salaam hawezi kuzisafisha kwa simu. Kijiji kinachomtambua mtu kama mwenzao hukimbilia moto wake na matawi mabichi mkononi. Asiyefahamika, anayefika mara moja kwa mwaka na kupita na vioo vimefungwa, huletewa taarifa tu. Kukata na kusafirisha mbao kuna vibali vyake, navyo huulizwa kwa ofisa misitu wa wilaya.

Shamba litazamwe mara mbili: Machi, udongo mwekundu unapoteleza na malori ya mbao yamechimba barabara, na tena Oktoba, chemchemi inapokuwa katika udogo wake.

Uzee shambani

Baridi ya Julai ni mzigo kwa mwenye maradhi ya mapafu, kwa hiyo nyumba ijengwe kwa matofali ya kuchoma, iwe na dari na mahali pa kuwashia moto penye bomba la moshi, na isimame mbali na miti. Njombe, Mafinga na Makambako zina hospitali, na ile ya wamisionari Wakonsolata iliyoko Ikonda, wilayani Makete, hupokea wagonjwa wa mikoa mingi. Mwenye kisukari au shinikizo la damu apime mwendo wa kutoka shambani hadi hospitali usiku wa mvua. Ikiwa hauwezekani, shamba hilo limfae kwa likizo, na makao ya uzeeni yatafutwe karibu na mji.

Sheria inaruhusu kijiji kuitangaza ardhi kuwa imetelekezwa ikiwa haikutumiwa kwa miaka isiyopungua mitano. Anayenunua leo kwa ajili ya baadaye aanze kupanda, aweke mlinzi wa kijijini mwenye mkataba na malipo ya kila mwezi, na ahudhurie walau mkutano mmoja wa kijiji kwa mwaka. Watoto nao waonyeshwe mipaka yote kwa miguu na kutambulishwa kwa mwenyekiti na mtendaji wangali wadogo, kwa sababu paina za mtu aliyepanda akiwa na miaka 55 huenda zikavunwa na wao.