Mkereketwa wa ngoma

Kila linapofanyika Tamasha la Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, viwanja vya TaSUBa, chuo cha sanaa kilichoanza mwaka 1981, hujaa watu wasiopiga ngoma wala kucheza, lakini hawakosi onesho. Tuwaiteje?

Wahispania wana aficionado, na hata neno hilo lina utata: ni mpenzi wa jambo, na pia ni anayelifanya bila kuwa mtaalamu wa kulipwa.

Kwa Kiswahili tungeweza kusema shabiki, lakini shabiki wa mpira ana upande. Ni wa Simba au wa Yanga, na lazima mwingine afungwe. Ngoma haina wa kufungwa. Mpenzi ni neno zuri ila pana mno, maana hata mpita njia aliyetikisa kichwa ni mpenzi. Mraibu je? Kenya wapo wanaotumia uraibu kwa jambo la kujiburudisha. Kwetu Tanzania magazeti yamelifunga neno hilo kwenye dawa za kulevya, na Bagamoyo ni mji wenye nyumba za kuwasaidia waraibu. Kumwita hivyo msikilizaji wa marimba ni kumkosea yeye, na ni kuupuuza ugonjwa wa mwenzake.

Nachagua mkereketwa. Asili yake ni kooni: pilipili hukereketa, na aliyekereketwa hatulii. Siasa imelishikilia neno hili miaka mingi, hata ukisikia wakereketwa unaona bendera za chama. Tulilete kwenye uwanja wa ngoma. Msomaji, ukimwona mzee anayefika kila jioni kusikiliza mazoezi ya marimba, mwite mkereketwa wa marimba.