Dawa ya tezi na kutafuta mtoto: jina moja, maamuzi mawili

Kaunta yangu ya dawa iko Kawangware, na baadhi ya wateja wangu hutoka Kibera, wakiwemo jamaa zetu wa Mwambao waliohamia Nairobi kutafuta riziki. Kuna swali moja ambalo kina mama huniuliza kwa sauti ya chini, wakishahakikisha hakuna mtu nyuma yao: "Natafuta mtoto. Je, niache dawa ya tezi au niendelee?" Naliandika hapa kwa sababu najua linaulizwa Kisauni na Malindi vilevile.

Jibu lake linategemea ni dawa gani. Mtaani, dawa mbili tofauti kabisa huitwa kwa jina moja, "dawa ya tezi" au "dawa ya rovu". Ya kwanza, ukiiacha, unaihatarisha mimba. Ya pili, ukiendelea nayo bila mpango, unaihatarisha mimba. Kwa hivyo ushauri uliomfaa wifi yako waweza kukudhuru wewe.

Tezi hii hufanya nini

Tezi ya thairoidi iko mbele ya shingo, chini ya kikoromeo. Homoni zake huongoza kasi ya mwili: mapigo ya moyo, joto, uzito, hedhi na kupevuka kwa yai. Ikilegea, mtu huchoka, husikia baridi, huongezeka uzito na hedhi huvurugika. Ikizidi, moyo hudunda, mikono hutetemeka na mwili hukonda. Hali zote mbili zaweza kuchelewesha mimba au kuiharibu. Mwanamume pia huathirika katika mbegu zake, basi mzigo wote asibebeshwe mke.

Kipimo cha kwanza huitwa TSH. Hiyo ni homoni inayotoka kwenye ubongo kuiamuru tezi ifanye kazi. Tezi ikilegea, ubongo huikazania na TSH hupanda. Tezi ikizidi, TSH hushuka. Rovu peke yake haitoshi kukuambia uko upande gani, kwani mtu anaweza kuwa na uvimbe shingoni na homoni zake zikawa sawa.

Kama tezi yako imelegea

Dawa yake ni levothairoksini. Ni homoni ileile ambayo tezi ingeitoa, na ni salama katika ujauzito na wakati wa kunyonyesha. Usiiache. Katika miezi mitatu ya kwanza mtoto hana tezi inayofanya kazi ya kumtosha, hivyo ubongo wake hutegemea homoni za mama.

Kabla ya kushika mimba, madaktari hulenga TSH iwe chini ya 2.5 kwa mwanamke anayetumia dawa hii. Mimba ikiingia, mahitaji hupanda upesi, kwa kiasi cha asilimia 25 hadi 30. Ndiyo maana wengi huambiwa wameze vidonge viwili vya ziada kwa wiki, yaani tisa badala ya saba, mara tu kipimo cha mimba kikionyesha ndiyo, kisha waende kupimwa. Kubaliana na daktari wako juu ya jambo hili mapema, usingoje miadi ya baadaye. Baada ya hapo TSH hupimwa kila wiki nne hivi hadi katikati ya ujauzito, na tena karibu na wiki ya 30. Ukishajifungua, dozi kwa kawaida hurudishwa ilivyokuwa.

Huku kwetu dawa hununuliwa kadogo, vidonge vichache vichache kulingana na mfuko. Ukinunua hivyo, hakikisha pale palipokatwa panaonyesha nguvu ya kidonge. Cha maikrogramu 50 na cha 100 vyaweza kufanana mkononi, lakini kimoja ni mara mbili ya kingine.

Kama tezi yako imezidi

Dawa inayotumika sana ni kabimazoli. Hii ndiyo inayotaka mpango kabla ya mimba. Ikitumiwa katika wiki za mwanzo, hasa kabla ya wiki ya 10, inaweza kumletea mtoto kasoro za maumbile, kwa mfano sehemu ya kichwa kukosa ngozi au njia za pua kuziba. Hata hivyo, kuiacha ghafla kwa uoga si suluhisho, kwani tezi isiyodhibitiwa huleta kuharibika kwa mimba, shinikizo la damu na matatizo ya moyo kwa mama.

Daktari ana njia kadhaa. Anaweza kukubadilishia dawa iitwayo PTU kwa miezi mitatu ya kwanza. Nayo ina hatari zake, kwani mara chache huumiza ini. Mwenye dozi ndogo na vipimo vizuri anaweza kusimamishiwa dawa na kufuatiliwa kwa karibu. Wengine hushauriwa kumaliza tatizo kabla, kwa upasuaji au kwa madini ya joto yenye mionzi. Ukipewa mionzi, subiri angalau miezi 6 kabla ya kutafuta mimba. Hadi uamuzi ufanyike, tumia njia ya uzazi wa mpango unayoiamini.

Na ukiwa kwenye kabimazoli au PTU, ukapata homa na koo kuuma, usinunue dawa ya mafua. Nenda ukapimwe damu siku hiyohiyo. Dawa hizi, mara chache, hushusha chembe nyeupe zinazopigana na maradhi.

Wakati dawa haihitajiki

Wapo wanaotaka levothairoksini "kuamsha uzazi" ilhali TSH yao ni sawa. Utafiti wa Uingereza uitwao TABLET, uliochapishwa 2019, uliwachukua wanawake 952 wenye tezi inayofanya kazi vizuri lakini wenye kingamwili zinazoishambulia, ambao waliwahi kupoteza mimba au kuchelewa kuipata. Nusu walipewa dawa, nusu vidonge visivyo na kitu. Waliojifungua mtoto hai baada ya wiki 34 walikuwa karibu sawa: asilimia 37.4 kwa waliopata dawa na 37.9 kwa wengine. Pesa hiyo ni bora uitumie kwa vipimo.

Chumvi, chai na Ramadhani

Chumvi ya kupikia Kenya hutiwa madini ya joto kwa sheria, na nyingi hutoka kwetu, Gongoni na Marereni. Ihifadhi kwenye kopo lenye kifuniko, mbali na jiko. Ukiitumia hiyo, huna haja ya kuogopa mihogo iliyopikwa wala sukuma wiki.

Levothairoksini humezwa kwa maji, tumbo likiwa tupu, dakika 30 hadi 60 kabla ya chai. Vidonge vya madini ya chuma na kalsiamu, ambavyo mama mjamzito hupewa kliniki, vitenganishwe nayo kwa masaa manne, la sivyo vitaizuia isifyonzwe. Wakati wa Ramadhani, imeze muda huohuo kabla ya daku, au usiku masaa matatu baada ya chakula cha mwisho. Vidonge vya nywele na kucha vyenye bayotini huvuruga majibu ya vipimo. Viache siku mbili au zaidi kabla ya kutolewa damu.

Uende na nini kwa daktari

Usidhani ulishapimwa. Vipimo vya kawaida vya kliniki ya wajawazito huangalia damu, kundi la damu, kaswende na virusi vya ukimwi. TSH lazima uiombe. Kituo cha mtaani kikiwa hakina mashine, uliza sampuli hupelekwa wapi, au omba barua ya rufaa. Aliye Kibera ana Mbagathi jirani na Kenyatta si mbali. Aliye Mombasa ana hospitali kuu ya Pwani, Makadara.

Chukua pakiti ya dawa yenyewe, usitegemee kukumbuka rangi ya kidonge. Chukua majibu ya zamani pia. Kisha uliza maswali matatu: tezi yangu imelegea au imezidi? TSH yangu ni ngapi leo? Na siku kipimo cha mimba kikionyesha ndiyo, nifanye nini asubuhi yake? Ukiwa na majibu hayo matatu yameandikwa, ndipo anzeni kutafuta mtoto.