Chupa moja, majina mawili

Mdogo wangu mmoja anaandika memwari. Juzi alinionyesha picha zake za mikroskopi. Alikuwa anatafuta seli zinazotengeneza kolajeni, ile protini inayoshikilia ngozi, mifupa na makovu. Shida: karibu kila seli iliwaka. "Yaya, kingamwili yangu imeharibika?" Nikamwambia, hapana, leta kwanza kile kikaratasi cha chupa.

Kimeng'enya alichokuwa anafuata kinaitwa prolili 4-hidroksilazi. Kinabandika oksijeni na hidrojeni kwenye prolini ndani ya nyuzi za kolajeni. Bila kazi hiyo, nyuzi 3 zinazosokotwa pamoja hazishikani katika joto la mwili. Na chenyewe kinataka chuma na vitamini C. Ndiyo sababu mabaharia wa zamani walikuwa wanatoka damu kwenye fizi, hata makovu yao kufunguka tena. Mwaka 1747 daktari Mskoti mmoja, James Lind, alichukua mabaharia 12 wenye kiseyeye, akawapa 2 kati yao machungwa na ndimu. Hao wakapona mbele ya wengine. Kwa nini? Yeye hakujua, na jibu la kimeng'enya lilikawia miaka zaidi ya 200.

Sasa tuje kwenye chupa. Ukimchoma panya protini ya kigeni, mwili wake unatoa kingamwili za kuishika. Mwaka 1975, kule Cambridge, Köhler na Milstein waliunganisha seli ya kinga ya panya na seli ya saratani. Wakapata seli isiyochoka, inayotoa kingamwili ya aina moja tu. (Na hawakuchukua hati ya kumiliki ugunduzi huo. Hebu fikiria pesa ile!)

Lakini aina moja tu maana yake inashika pahali pamoja tu. Kimeng'enya chetu kina vipande 4: alfa 2, beta 2. Kingamwili yako inashika kipi? Mwaka 1987 kikundi cha Kari Kivirikko, huko Oulu, Finland, kilisoma jeni ya beta. Kumbe ni protini ambayo watu walikuwa wanaichunguza tangu zamani kwa jina lingine, PDI, inayofunga vifundo vya salfa katika protini za kila namna. Jeni moja, kazi mbili. Na PDI iko karibu katika kila seli!

Si kusema kingamwili za beta ni za bure. Seli zenye kutengeneza kolajeni nyingi zinawaka zaidi, ndiyo maana wengi wamezitumia kutambua fibroblasti. Ila kuwaka peke yake hakutoshi kusema "hapa kuna kolajeni."

Tukafungua kikaratasi. Kwa herufi ndogo kabisa: beta. Mdogo wangu akanyamaza, kisha akaanza kuhesabu franga. Ile ya alfa inaagizwa kutoka nje, na yeye anatetea memwari mwezi ujao.