Mtumbwi haukimbii vita: historia ya vyombo vya kasiksi huku Kivu

Ninyi mulioacha vijiji vyenu kwa sababu ya vita, leo tuongelee kitu ambacho wengi mulikiacha nyuma.

Mwaka 2024, nilipokuwa nikizunguka kambi za wahami pembeni ya Goma, nilimuuliza mzee mmoja wa Masisi ni kitu gani kinamuuma zaidi kati ya vile alivyoviacha. Nilifikiri atasema nyumba ama mbuzi. Akasema ni mtumbwi wake. Vijana wa mjini waliokuwa karibu wakacheka: mtumbwi wa nini huko mlimani? Mzee hakucheka.

Mtumbwi huo si wa kuvukia ziwa. Ni gogo la mti mkubwa lililochongwa katikati kwa tezo mpaka likapata tumbo. Wanaozungumza Kinyarwanda wanauita umuvure. Ndani yake ndimo inamotengenezwa kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Ndizi za pombe hukatwa zikiwa bado mbichi, zinafukiwa siku kadhaa katika shimo lenye joto mpaka ziive. Zikisha kumenywa, zinatiwa mtumbwini na kukamuliwa pamoja na nyasi. Nyasi hizo ndizo zinazoshika makapi na kuacha maji matamu. Kisha unaongezwa mtama uliokaangwa na kusagwa, mtumbwi unafunikwa kwa majani ya mgomba, na baada ya siku mbili ama tatu pombe iko tayari.

Angalieni vyombo vyote: shimo, nyasi, jiwe la kusagia, majani, kibuyu cha kuchotea, mirija ya kunywea. Karibu vyote vinatoka shambani. Hata chachu haikununuliwa: inakuja na mtama, na nyingine inabaki ndani ya mbao tangu pombe iliyopita. Tena mtumbwi ulikuwa wa mtu mmoja lakini uliwatumikia majirani. Aliyeazima alimletea mwenyewe sehemu yake ya pombe. Kwa hiyo mwenye mtumbwi alijua kila harusi, kila kilio na kila mapatano ya shamba.

Wakoloni nao waliangalia vyombo. Tarehe 10 septemba 1919, mataifa kadhaa, Ubelgiji ikiwemo, yalitia sahihi mapatano ya Saint-Germain-en-Laye kuhusu pombe kali katika Afrika. Mapatano hayo hayakukataza tu kutengeneza pombe ya moto. Yalikataza pia kuingiza, kuuza na hata kumiliki vyombo vya kuitengenezea. Kasiksi haipikwi kwa mvuke, basi sheria hiyo haikuigusa. Iliyoguswa ni ile tunayoita lotoko. Miaka michache baadaye, mwaka 1923, kampuni ya bia ilianzishwa huko Léopoldville, Kinshasa ya leo, na bia ya chupa ikaanza safari yake kuelekea pande zote za nchi. Lakini kijijini, mtumbwi uliendelea na kazi yake.

Kilichoushinda mtumbwi si chupa. Ni kukimbia. Gogo la namna ile haliingii kichwani wala mgongoni. Mama anayekimbia usiku anabeba mtoto, sufuria na bidoni ya njano ya litri 20. Hiyo bidoni ndiyo imekuwa chombo cha kila kitu: maji, mafuta, na kasiksi pia. Na pale kambini ambapo hakuna mgomba hata mmoja, wengine wanageukia lotoko, kwa sababu mahindi na mihogo vinapatikana sokoni. Chombo chake ni pipa la chuma, lile fut la mafuta, pamoja na tiyo inayopita katika maji baridi. Kuna akina mama wanaolipa karo ya shule kwa kazi hiyo, na siwahukumu. Lakini kibuyu hakikumpa mtu sumu. Pipa lililowahi kubeba petroli ama dawa ya mimea linaweza, na vilevile tiyo iliyoungwa kwa risasi. Kama munatumia bidoni, chagueni ile iliyobeba mafuta ya kula pekee.

Na siku ya kurudi, kumbukeni chombo kimoja zaidi: panga. Ugonjwa wa mnyauko wa migomba ulionekana mara ya kwanza nchini kwetu huko Masisi, mwaka 2001, na panga linalotoka mgomba mgonjwa kwenda mzima ni mojawapo ya njia zake. Lipitisheni katika moto kabla ya kukata mgomba mwingine. Bila ndizi, hata mtumbwi mzuri unabaki kuwa kuni.

Yule mzee aliniambia kwamba kabla ya kukimbia aliupindua mtumbwi wake chini ya migomba, tumbo likiangalia ardhi, mvua isiuozeshe. Hajui kama bado uko pale. Lakini alinieleza ni mgomba gani, ukihesabu kutoka mlangoni.

Wewe uliyeacha mtumbwi, kibuyu ama jiwe la kusagia, pita kwenye redio utusimulie. Watoto waliozaliwa kambini wanaijua bidoni tu.