Mzee wa Kihamba na Stakabadhi Zake

Katika kuadhimisha miaka 10 ya Chama Kikuu chetu cha Ushirika, twaona yafaa tumkumbuke marehemu mmoja, mkulima wa kahawa wa mteremko wa Kilimanjaro, ambaye hakupata kuwa mwenyekiti wala mjumbe wa halmashauri. Jamaa zake hawapendi sifa za hadharani, kwa hiyo hatumtaji jina, waliomfahamu watamtambua.

Mwaka 1925 wakulima wa Kichagga, wakiongozwa na Joseph Merinyo, waliunda chama chao cha kwanza ili kuilinda mibuni na wadudu na kuuza mazao kwa pamoja. Mwaka 1933 mahali pake pakashikwa na KNCU. Mzee wetu alizaliwa katika miaka hiyo, akakulia kihambani, mahali ambapo migomba huitilia kivuli mibuni na maji hufika kwa mfongo. Alipooa, babaye alimkatia sehemu ya kihamba, naye akajiandikisha katika chama cha msingi.

Kila mwanachama aujua ugumu wa ushirika. Mkulima hupeleka kahawa, hupokea malipo ya kwanza, na yaliyosalia huyangojea mpaka kahawa iuzwe. Lakini ada ya shule haingojei, na mchuuzi yuko mlangoni na fedha taslimu. Mzee huyu hakumwuzia mchuuzi hata debe moja. Aliwezaje?

Jibu lilikuwa nyumbani mwake. Kwa desturi, fedha za kahawa zilikuwa za baba, na ndizi zilikuwa za mama. Yeye kila stakabadhi aliisoma mbele ya mkewe na watoto wake, wa kike kwa wa kiume, hata wote wakajua kilicholipwa na kilichosalia. Mkewe aliuza ndizi sokoni ili kuvusha muhula. Malipo ya pili yalipofika, fedha zake zilirudishwa kwanza. Uvumilivu wa mtu mmoja huchoka upesi, bali wa nyumba nzima huweza kungoja.

Uvumilivu huo ulijaribiwa sana. Mwaka 1976 vyama vya ushirika vilivunjwa kwa amri ya Serikali, na sheria ya kuvirudisha ikapitishwa mwaka 1982. Mwaka 1989 mapatano ya mataifa juu ya viwango vya kuuza kahawa yalivunjika, na bei ikaanguka. Wako waliong'oa mibuni wakapanda mahindi. Yeye aliendelea kupogoa na kuweka samadi, akiziba mapengo kwa miche mipya.

Chama Kikuu chetu kilipoanzishwa, alikuja mkutanoni kwa mkongojo. Wengine waliuliza habari za jengo na gari. Yeye aliuliza ni siku gani hesabu zitasomwa mbele ya wanachama. Swali hilo twawaachia viongozi wenzetu kama wosia. Mwanachama aonyeshwaye hesabu huweza kungoja malipo yake. Afichwaye humkimbilia mchuuzi, wala si haki kumlaumu.

Amezikwa kihambani mwake, karibu na mibuni aliyoipanda ujanani. Kabla ya kufariki aliwaita wanawe wote, akaomba nafasi yake chamani apewe yule aliyemsaidia kutunza stakabadhi. Wana wa kiume waliridhia. Malipo ya mwisho ya kahawa yake yalipokewa na binti yake, ambaye sasa ndiye mwanachama.